Fundi wa Ndege na Mtu wa Chini

Kiwiko cha Mzee Harlan kilimpata mhudumu wake, Marie-Goretti, mdomoni, jino likang'oka. Alilitema ndani ya beseni kubwa la kuogeshea, damu ikatapakaa kwenye povu. Usidanganyike na umri: mzee alikuwa na miaka mia na moja, mifupa mitupu kwenye kiti cha magurudumu, lakini kila siku ya kuoga, hapo kwenye makao ya wazee Fort Worth, Marekani, alipigana kama mtu anayeuawa.

"Mama Jeannette, ni mara ya tatu!" alifoka Elvis, Mrundi mwenzake wa zamu, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, akimshika mzee mikono. "Uta-report leo, ao mimi nita-report. Wamupeleke kule wanafunga watu na mikanda ku kitanda."

"Nipe mpaka kesho, mdogo wangu."

Wala si kwamba alikuwa malaika. Alitamani kumzaba mzee kofi. Ila huko kwao alikokimbia aliona watu wakifungwa, na hakutaka yeye ndiye alete kamba.

Jioni binti wa mzee alipokuja, Marie-Goretti, mdomo umevimba, alimuuliza waziwazi baba yake anaogopa nini majini.

Binti akaketi. Katika Vita Kuu ya Pili, alisema, baba alikuwa fundi wa ndege kubwa ya mabomu. Walikuwa watu kumi, kila mmoja na kazi yake, na aliyebanwa kuliko wote alikuwa Walt, mpiga bunduki aliyejikunja kwenye kibanda cha duara chini ya tumbo la ndege. Siku hiyo risasi zilikata umeme, zikaponda gia za kibanda, magurudumu yakagoma kushuka. Fundi ndiye aliyepaswa kukizungusha kibanda kwa mkono hadi mlango utazame juu, Walt apate kutoka. Alizungusha mpaka viganja vikachunika, Walt akipiga mayowe chini yake. Ndege ikatua kwa tumbo.

"Walimkwangua Walt kwa sepetu," alisema binti.

Marie-Goretti akashika mdomo wake. Mara zote tatu alikuwa ameinama ndani ya beseni, kichwa chini, akipima joto la maji. Mzee hakuwa akiogopa kuingia. Alikuwa akimtoa mtu.

Kesho yake akainama tena, kwa makusudi, roho mkononi. Mzee akamdaka nywele na shingo, akavuta. Nywele zikang'oka na ngozi, damu ikamchuruzika sikioni. Elvis akaja mbio, simu tayari mkononi.

"Mwache!" Marie-Goretti alimkataza.

Safari hii hakushindana na mzee. Aliufuata ule mkono, akatoka, akaanguka miguuni pa kiti, akilia kwa maumivu.

"Nimetoka," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Umenitoa."

Mzee akampapasa uso, akafika kwenye pengo la jino, akaangua kilio. Elvis akarudisha simu mfukoni.

"Umekaa sana mle, Walt," alisema mzee. Kisha akanyoosha viganja vyote viwili, aoshwe.