Nepi za Bure

Mimi cha bure hakinipiti. Nimewahi kuagiza sampuli ya shampuu ya mbwa kwenye intaneti, na mbwa sina. Juzi nikaona nepi za bure kwa wajawazito, nikamkumbuka mjukuu wangu mchanga aliyeko Lewisham. Fomu nikaijaza kwa jina langu, kwa mazoea.

Boksi lilifika nyumbani Walthamstow nikiwa kazini. Niliporudi nilimkuta mke wangu, Rukia, amelipakata, limeandikwa "Hongera kwa ujauzito", na kaka zake wawili wamekaa pembeni yake.

"Bwana Abdalla," akasema taratibu, "mimi kuzaa nimekoma zamani. Huyu mke mwenzangu umemuoa lini?"

Nikawatazama mashemeji.

"Hakuna mke, Rukia. Mjamzito ni mimi."