Mshale Usiopanda

Watu wa mtaa ule walimwita Mzee Mshale, na yeye hakuwahi kuwakataza. Jina alilipata kazini, enzi alipokuwa dereva wa shirika la maji huko chini bondeni, ambako jua liliwaka mpaka lami ikang'ang'ania viatu. Magari ya wenzake yalichemka kama birika. Ungewakuta kando ya barabara, boneti wazi, wakijipepea kwa kofia huku wakisubiri rejeta ipoe. Yeye alipita taratibu na gari lake mwenyewe, akapiga honi kidogo, akawaonyesha dashibodi kwa kidole: mshale wa joto umelala chini kabisa. "Injini yangu haijui homa," ndivyo alivyozoea kusema, na aliyasema maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mkewe alikuwa akiyamalizia kabla yake.

Mshale huo haukulala kwa miujiza. Alipopata gari lake mwenyewe, alifanya walichofanya madereva wengi wa bondeni: alifungua injini akatoa themostati, kile kidude cha shaba kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ishike moto. Kule bondeni moto haukuwa kitu cha kutafutwa. Kidude chenyewe akampa binti yake mdogo achezee, binti akakipoteza siku hiyohiyo, na hakuna aliyekiulizia tena.

Gari alilitunza kama mboni ya jicho. Bati lake liling'aa hata msimu wa tope, na aliyepanda na viatu vichafu alikumbushwa kwa adabu kwamba mlangoni kuna kitambaa. Ndilo lililompeleka binti huyo shule, na ndilo lililompeleka kwenye harusi yake. Mzee alipostaafu, yeye na mkewe walihamia mji wa milimani alikoolewa binti. Huko asubuhi ukizungumza unaiona pumzi yako. Mzee alinunua koti zito, akaendelea kuendesha. Hita ya kupasha joto ndani ya gari hakuwahi kuiwasha hata siku moja. Aliiita starehe ya vijana.

Kisha binti akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo wa kutoshea kiganjani, lakini mbishi, akakaa hospitali mpaka akajua kunyonya sawasawa. Siku walipoambiwa kwamba kesho yake asubuhi angeruhusiwa, muuguzi alisisitiza jambo moja: asipigwe baridi njiani, na gari liwe limekwisha kupata joto kabla hajatolewa mlangoni. Mama wa mume wa binti, mwanamke mwenye maneno ya kupimwa, akasema hilo lisiwatie wasiwasi, mwanawe mkubwa, shemeji wa binti, angekuja na gari lake jipya.

Mzee Mshale alishukuru, halafu akakataa. "Mama yake nilimtoa hospitali mimi, alipozaliwa," akasema. "Na huyu nitamtoa mimi." Alisema kwa heshima zote, ila anayemfahamu angesikia kilichokuwa chini ya maneno. Hakutaka isemwe kwamba babu yupo, gari lipo, na mjukuu kachukuliwa na wengine.

Mchana huo akaliwasha gari uani, akaliacha lingurume kidogo, ndipo akafungulia hita. Hewa iliyomjia usoni ilikuwa ya baridi, kama ya mlango uliosahauliwa wazi.

Hakupaparika. Alikagua maji kwenye rejeta, yamejaa. Feni ilipuliza kwa nguvu. Waya unaofungua maji ya hita ulikwenda na kurudi bila kukwama. Akashika mipira miwili inayopeleka maji ya injini kwenye hita na kuyarudisha. Mmoja ungekuwa wa moto na mwingine wa baridi, angejua hita imeziba. Yote miwili ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kunawa yaliyosahauliwa kwenye beseni. Hata hivyo akaamua kwamba imeziba, kwa sababu hicho ndicho alichotaka kiwe. Akaifungua mipira, akasukumia maji ya bomba mpaka shati likalowa kifuani. Yaliyotoka upande wa pili yalikuwa safi, ungeweza kuyanywa.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akamwomba mkewe wazunguke kidogo. Wakaenda mpaka kwenye mashine ya kusaga na kurudi, mama wa watu ameinyoosha mikono mbele ya matundu ya hewa kama mtu anayeota moto. Baada ya muda akaitoa, akaifumbata kwapani.

"Mzee wangu," akasema, "huo mshale wako haujapanda hata kidogo."

"Ndiyo," akajibu kwa fahari ya mazoea. "Injini yangu haijui..."

Safari hii mkewe hakuyamalizia maneno. Aliangalia barabara kwanza, kisha akauliza polepole, "Sasa kama yenyewe haina joto, la mtoto italitoa wapi?"

Mzee alisimamisha gari mbele ya lango lao na hakushuka. Jambo lililomletea jina na sifa lilikuwa limekaa mbele yake miaka yote, limelala chini kabisa ya kioo, na sasa lilikuwa likimnyima mjukuu. Maji hayakuwa na wa kuyazuia. Yalipita kwenye rejeta yakapoa kabla hayajapata moto, na katika mji wa baridi yalipoa maradufu.

Aligeuza gari akaenda duka la vipuri. Muuzaji alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba themostati ya gari la umri ule ni ya kuagiza. Arudi wiki ijayo. Mzee akarudi nyumbani, akaketi kwenye ngazi ya mlango na koti lake. Simu ilikuwa mfukoni. Mkewe alijua angempigia nani na jinsi neno lenyewe lingemkwama, kwa hiyo hakumhimiza.

Ndipo alipoyakumbuka malori yaliyokuwa yakishuka bondeni kutoka nchi za baridi, yamefunikwa maboksi mbele ili upepo usiipoze rejeta. Yeye na wenzake waliyacheka sana. Waliyaita magari yaliyotoroka ghalani.

"Mama," akaita, "kuna boksi humo ndani?"

Lilikuwepo, la sabuni. Alilikata, akalifunga kwa waya mbele ya gari, akaacha uwazi kidogo pembeni ili injini isije ikachemka kweli. Mkewe alishauri maandishi yaelekezwe ndani, wapate kusitirika. Wakazunguka tena. Mshale ulitikisika, ukainuka, ukafika katikati. Mzee aliukazia macho, maana maisha yake yote alikuwa akiuogopa pale. Mkewe akafungua kifungo cha sweta.

Kumbe ukungu nao una mipango yake. Asubuhi walikuta boksi limelowa na kunyong'onyea kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Ndani lilibaki jingine moja tu la sabuni, lenye maandishi pande zote. Hapakuwa na muda wa kuchagua. Wakavuka mji mzima, gari linang'aa kama kawaida yake, na mbele limeandikwa kwa herufi nyekundu: HUONDOA MADOA SUGU. Watu waligeuka. Mzee aliendesha shingo imenyooka.

Langoni mwa hospitali watu wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kufika, na lile gari jipya lilikuwepo pia, labda likihitajika. Mama wa mume wa binti alisoma boksi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mkwe," akasema, "leo gari limevaa nini?"

"Sweta, mkwe," akajibu. "Lilikuwa likiona baridi siku nyingi, mimi nikachelewa kulisikiliza."

Yule mama alimtazama, akacheka kicheko kizuri, cha mtu aliyepewa kiti. Muuguzi akafungua mlango, akaweka mkono kwenye kiti, kisha kwenye tundu la hewa, akatikisa kichwa kukubali. Binti akaingia na kifurushi chake. Gari jipya lilikuwa wazi likisubiri, lakini mama wa mume alijisogeza kiti cha nyuma kando ya binti, akisema atamshikia blanketi. Hawajafika mbali akavua mtandio wake, akaukunja mapajani.

Mzee aliendesha polepole, jicho moja barabarani, jingine kwenye dashibodi. Binti, aliyekulia katika kiti kile cha nyuma, aliinama mbele akachungulia begani kwake.

"Baba," akanong'ona, asimwamshe mtoto, "mshale umepanda."

"Uache," akasema. "Uache upande."