Boti Kwenye Adrese ya Mutoto Wangu

Dada yangu alipiga magoti kwenye simenti, akaandika katika telefone yake adrese ya internet tuliyochora pale, herufi kwa herufi. Pahali pa uso wa mutoto wangu pakatokea boti. Boti ya bluu, na chini yake: inauzwa, bei ni ya kusikilizana. Dada akageuza telefone nisione. Nilikuwa nimekwisha kuona.

Mutoto wangu hana kaburi. Tulitoka kijiji cha Swima pamoja, boti ikapinduka kabla ya kufika kwetu Baraka. Mi nikashika jerikani, yeye ziwa likamubeba. Bamama tulikuwa tumemwambia mwenye boti, "Papa, imejaa." Akacheka: "Ziwa imelala leo. Mwenye woga apite na mguu." Akapakia magunia mengine.

Kwa kuwa hatukupata mwili, redio ya kwetu ilimuwekea ukurasa kwenye internet: picha yake, na sauti yake akiimba kanisani. Adrese ilikuwa na jina la redio, kisha neno marehemu, kisha jina lake. Tukaichora kwenye simenti mbichi mbele ya nyumba, ili ndugu zetu wa Burundi wakifika wajue pa kumuona.

Mwenye boti alinunua ingine, akaipa jina la mutoto wangu. Eti heshima. Sasa ameichoka, ameitangaza kwa redio hiyohiyo, kwa mikrofoni na kwa internet, iuzwe.

Na direkta wa redio naye akafupisha adrese zote. Habari, biashara, marehemu, vyote mtindo mmoja: jina la redio, kisha jina la kitu, basi. Ukiandika adrese ya zamani, mashine inakupeleka kwa hiyo fupi. Ni kama kufuta avenue zote, njia zote za Baraka, na kubakiza majina ya wenye nyumba. Wakiwa wawili wa jina moja, mugeni aingie kwa nani?

Nilimufuata ofisini.

"Mama, adrese ndefu zinatuchokesha kuzisoma kwa mikrofoni," akasema. "Na si mimi nilichagua boti. Mashine inatanguliza tangazo jipya."

"Mashine ilipangwa na nani?"

"Ni mi."

Akaniambia nisilie, atamuongezea mutoto namba mbili mwishoni mwa jina.

Namba mbili. Nyuma ya boti.

Direkta, simenti yangu imekauka, sitaibomoa. Rudisha njia yake vile ilikuwa, boti ndiyo ichukue namba mbili. Na we mwenye boti, rudi kwa mikrofoni ileile uliyotangazia bei, useme batu wote wasikie: nani alipakia yale magunia, na sisi tukimukataza?