Udongo wa Nyuma ya Jikoni

Binti yangu wa mwisho ana jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe ninamwita Mama. Leo ni mtu wa chuo kikuu, anasomea mambo ya udongo. Mimi niliishia sekondari nikarudi kulima hapa Nyabiondo, na nimechelewa kuelewa kwamba udongo nao una kitu cha kusomwa.

Alipokuwa akiandaa kazi yake ya kumaliza masomo, njia ya kupanda huku kwetu ilikuwa mbaya, na si kwa sababu ya matope tu, bali pia ya watu wenye bunduki. Chuo kilimkataza kuja. Wenzake waliotafiti upande wa Walikale walipata ndugu wa kuwachimbia udongo wa msituni. Yeye alikuwa na mimi, akanipigia simu.

"Papa, upande ku shamba ya juu, kule maharagi inageukaka manjano. Uchimbe fasi mingi, urefu wa jembe, uchanganye, uweke mu mufuko. Usichague. Unanisikia? Usichague."

"Nimesikia, Mama."

Na kweli nilisikia. Lakini kwetu mtu hatumi kitu mjini bila kukichagua. Maharagi ya kupelekea watu, mke wangu huyamwaga kwenye ungo, akatoa yaliyokunjamana, yaliyotobolewa, na vijiwe. Yale mabaya tunabaki nayo sisi wenyewe, tunayachemsha muda mrefu zaidi. Na muhogo ni hivyo hivyo. Ukimpelekea mtu kitu kibovu, umempelekea aibu yako.

Nilipanda hadi shamba la juu na jembe begani. Nilipiga jembe mara ya kwanza, udongo ukatoka mwekundu, mkavu, umejaa changarawe. Nikaukalia pale chini, nimechoka. Kile kilima hakikuzaliwa hivyo. Mimi ndiye niliyekata miti yake kwa makaa na kwa vijiti vya kusimamishia maharagi, mimi ndiye niliyepanda msimu baada ya msimu bila kukipumzisha, kwa sababu watoto walikuwa wengi na shule ilikuwa haingoji. Nikawaza maprofesa wakifungua mfuko wa binti yangu mbele ya wenzake na kuona nilichofanya.

Nikashuka nikachimba nyuma ya jikoni, kwenye migomba, pale tunapomwaga majivu na maganda na samadi ya mbuzi. Ulitoka udongo mweusi kama kahawa. Mke wangu aliutandaza kwenye turubai la kuanikia maharagi, akaanza kuutoa vijiwe na mizizi bila hata kuniuliza. Tulikaa tukiuchambua mchana kutwa. Ulipendeza.

Niliubeba kwa pikipiki kwenda Kirotshe, kando ya ziwa, ambako binti yangu angeningojea. Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Huku kwetu mfuko mdogo na mzito unamaanisha madini, na watu wa kizuizi waliutazama wangu kwa hamu kubwa.

"Muzee, unabeba nini humu?"

"Udongo."

"Udongo ya wapi?"

"Ya shamba. Inaenda ku yunivesite."

Walicheka mpaka mmoja akashika kamba ya kizuizi asianguke.

"Muzee anaenda kusomesha udongo! Iko mwaka wa ngapi? Mulishalipa minervale ya masomo yake?"

"Iko na akili kupita wewe," mwenzake akamwambia.

Aliyekuwa mkubwa wao alifungua mfuko, akatia mkono. Alisema amechimba madini Walikale, hadanganywi. Akaupima uzito, akausugua kwa kidole gumba.

"Hakuna kitu. Lakini udongo hii iko na mafuta! Ukipanda mupini ya jembe humu, itaota."

Nilipita pale nimejaa fahari. Hata leo nikikumbuka fahari ile, ninapata joto usoni.

Binti yangu aliupokea Kirotshe, akauliza: "Hii njo ya shamba ya juu?" Nikasema ndiyo. Alinishukuru kwa mikono miwili, akapanda gari kurudi mjini.

Kazi yake ilipokelewa vizuri. Profesa wake akamsaidia kuigeuza kuwa makala, ikatoka kwenye jarida la nje. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chuo kikuu huhesabu maandiko yake kama sisi tunavyohesabu mikungu. Binti yangu alinieleza kwenye simu: wanabandika ukutani kila tawi la elimu na makala zake, na ni mara ngapi watu wa mahali pengine wamezitumia. Wa udaktari wako juu daima, wanafuata wa volkano na mawe, na wa kilimo wako chini kabisa. Safari hii kilimo kilikuwa kimepanda.

"Makala yetu imetajwa tena, Papa."

"Kutajwa njo nini?"

"Mutu mwingine anaandika yake, anajenga juu ya yako."

Nilimpongeza. Baada ya simu nilitoka kwenda nyuma ya jikoni, nikatazama lile shimo nililochimba. Kuku walikuwa wakijipaka vumbi ndani yake.

Ningeweza kunyamaza hadi kufa, na nilikuwa nimeshaanza kunyamaza. Kilichonitoa huko ni chokaa. Shirika moja lilianza kugawa chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo kwenye vilima vya Masisi. Walifuata ramani, na ramani ilikuwa imechorwa kutokana na kazi kama ile ya binti yangu. Vilima vya jirani vilipata. Chetu kikarukwa. Waliotumwa walitueleza kwa heshima kwamba udongo wetu umepimwa na hauhitaji kitu.

Jirani yangu, mjane ambaye shamba lake linapakana na langu kule juu, alikuja uani kwangu ameshika shina la maharagi, manjano toka chini hadi juu.

"Papa wa yunivesite, nielezee. Hii yangu inakufa na nini? Na utajiri?"

Mke wangu akacheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Nilimpigia binti yangu siku hiyohiyo. Alikuwa akingoja kuteuliwa kuwa asistanti, yaani kufundisha huku akiendelea na utafiti, na makala ile ndiyo iliyokuwa imembeba hadi pale. Nilijua. Nilimwambia hivyohivyo, bila kuzunguka: udongo ule ulikuwa wa migombani.

Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Juu ya nini ulifanya vile, Papa?"

"Niliona haya."

"Nilikuambia usichague."

"Uliniambia."

Nilimwomba anikaripie. Hakunikaripia, akasema tu kwamba ana darasa.

Baadaye alinieleza yaliyofuata, kwa sauti ya mtu aliyetoka kubeba mzigo. Alikwenda kwa profesa. Profesa, mtu mwema, alimwambia kilima kimoja kati ya vilima vingi hakibadilishi hesabu sana, aache lipite. Binti yangu akamjibu kwamba kwenye kilima hicho kuna watu, na yeye ni mmoja wao. Wakaliandikia jarida. Jarida likatoa marekebisho, mistari michache kwenye ukurasa wa mwisho, na kilima chetu kikaondolewa kwenye hesabu. Nafasi ya asistanti mwaka huo ilipewa mwingine, mtu aliyekuwa na makala isiyo na doa. Na wanaojenga juu ya ile ya kwanza wanaendelea kujenga. Yale marekebisho, aliniambia, bado hayajatajwa na mtu yeyote.

Njia ilipofunguka kidogo, alipanda huku mwenyewe kwa pikipiki, kofia kubwa kichwani, vifuko vya nailoni ndani ya begi. Shirika lilikuwa limekubali kutupima upya kabla ya msimu unaofuata. Mke wangu alikuwa ameshamkamata jogoo. Binti yangu akamwomba amwachilie.

"Mama, unipe ile munakulaka kila siku."

Tukampa bugali na maharagi ya shamba la juu, madogo, magumu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikula yote. Kisha tulipanda pamoja shambani, mimi nikipumzika kila kona, yeye akinisubiri bila kugeuka. Mjane alikuwa tayari juu, mikono kiunoni.

"Leo munachimba ya kweli?"

"Ya kweli, Mama," binti yangu akamjibu. "Na ya kwako pia."

Alichimba mwenyewe, huku na kule, hakuniachia jembe. Alichanganya udongo kwenye beseni, akanipa nishike mfuko wazi huku akijaza. Mwekundu ule ule, mkavu ule ule. Sikuona vidole vyangu vilipoanza, lakini vilikuwa vimeshachomoa kijiwe.

"Papa!"

Nikakirudisha.