Kadi Nzito

Nilitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na mgongo ulioharibika na mguu mmoja usiokunjika. Mwenzangu hakutoka. Majina siweki hapa, lakini wahusika wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni mwenye duara. Tulimwambia matimba yameoza, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisishuke. Akatujibu, "Mkiogopa, nendeni mkalime mihogo." Tukashuka, kuta zikatuangukia. Mwenzangu alikuwa Mnyiramba wa Singida, alivutwa huku na dhahabu kama wageni wote wa miaka ile. Mwili wake haukufukuliwa. Mwenye duara alisema mwamba umekaa vibaya, akahamia shimo jingine. Kwa hiyo hata kaburi hana.

Alichoacha ni video. Muda mfupi kabla ya ajali nilikuwa nimeuza mgao wangu wa mawe nikanunua kamera na kompyuta, maana niliwaza kuachana na shimo nifungue studio ya harusi. Siku ya kuijaribu kamera nilimpiga yeye, amesimama juu ya kifusi. Alicheza. Akalitukana karasha letu kwamba linasaga mawe kama bibi anayetafuna bisi. Halafu akaacha mzaha, akamsalimia mama yake kwa Kinyiramba. Dakika nne hivi, basi.

Nilipotoka hospitali nikapanga chumba Nkende, nikabandika kibao cha studio. Mama yake akanipigia simu.

"Mwanangu, nasikia unayo sauti yake."

"Ninayo, mama, na sura pia."

"Basi nakuja. Nyumbani nina televisheni na deki. Niwekee kwenye CD."

Nikamwambia aje. Kwangu hayo ndiyo yangekuwa mazishi yake.

Sasa shida. Ndani ya kompyuta kuna kibao kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, mafundi wanakiita kadi ya grafiki. Kadi yangu ilikuwa ya kizamani sana na kamera ilikuwa mpya. Video ilikwama kwama, mdomo wa marehemu unafunguka, sauti inakuja baadaye, kisha kioo chote kinaganda. Nikijaribu kuigeuza iende kwenye CD, inafika nusu inakufa.

Nikaenda kwa fundi mmoja, mtu wa Tanga, mswalihina, anatengeneza redio na kompyuta karibu na soko. Alikuwa na kadi ndogo mpya, haizidi kiganja. Nikamwambia kuna nyingine nimeiona kwa muuza vitu vya mtumba vinavyoingilia mpaka wa Sirari, kubwa kama tofali la kuchoma. Akanituma nikasome karatasi iliyobandikwa juu yake. Nikanakili tarakimu kwa shida, shule yangu iliishia darasa la nne. Fundi akachana boksi, akaandika mistari miwili. Ile kubwa ya zamani: kumbukumbu GB moja na nusu, njia ya kupitishia data biti 384, umeme wati 250. Ndogo mpya: GB mbili, biti 128, wati 60.

"Ndogo inatosha, kaka," akasema. "Ina sehemu yake maalumu ya kufungua video za kamera kama yako. Na umeme angalia. Kompyuta yako yote inalishwa na pawa saplai ya wati 300. Ukiweka ile kubwa, itakula nyumba nzima."

Mimi niliangalia nikaona 384 kwa 128. Nikaona 250 kwa 60. Machimboni mota kubwa ndiyo inayosaga. Ukiona karasha linakula umeme mdogo unajua utakesha nalo. Nikasema moyoni, huyu ananipigia debe la kakitu kake.

Nikarudi kwa muuza mtumba, nimebeba na ile kadi ya fundi, alikuwa ameniamini nayo. Nikafanya tunavyofanya kwa mawe: moja mkono huu, moja mkono ule, macho nikafumba. Jiwe lenye mali linavuta mkono chini. Ile ya zamani ilivuta. Ile mpya ilikuwa kama kifuu.

"Umejionea mwenyewe, mura," akasema muuzaji. Ni mtu wa kwetu, Nyanungu, ila biashara ya mpakani ilishamgeuza ulimi. "Hii ndiyo noma. Wazungu walikuwa wanaipangia foleni. Hako kengine si hata kanaweza kupeperuka?"

"Fundi anasema umeme hautatosha."

"Fundi si wa pwani huyo? Watu wa maneno. Chukua hii adapta, unachomeka kwenye waya za diski, inaingia sawasawa, yoo!"

Huyo ndiye wa pili. Alijua. Mtu anayeuza adapta anajua inaziba pengo gani.

Nikainunua ile kubwa, nikaichomeka asubuhi. Video ilifunguka. Nawaambia ilifunguka, laini kama maji, nikamwona akicheka na mdomo na sauti vikaenda pamoja, nikapiga meza kwa furaha. Nikaanza kuigeuza iwe CD. Feni ya kadi ikapanda sauti, ikapanda, kama karasha lililomezeshwa jiwe gumu. Pakanuka. Kukalia pa! Kimya.

Fundi alikuja mwenyewe. Pawa saplai imeungua, ikaondoka na diski iliyokuwa na video. Aliishika ile diski, akaitikisa sikioni, akaiweka mezani taratibu. Hakuniambia "si nilikwambia". Afadhali angesema.

"Memori ya kamera?" akauliza.

Memori ya kamera niliifuta mwenyewe. Nilikuwa na harusi Natta, ya mpishi wa kambi ya watalii, nikahitaji nafasi. Mhusika wa tatu ndiye huyu anayeandika.

Mama alifika kesho yake, vumbi la safari limemjaa kwenye kanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akakaa kwenye kiti cha wateja, uso kwenye kioo cheusi. Nikamweleza. Sijui alielewa nini katika wati na biti, nami mwenyewe sikuwa nimeelewa. Akasema, "Basi niambie wewe. Alifanyaje?"

Nikamweleza alivyocheza. Nikamweleza habari ya karasha na bibi, akatabasamu kidogo. Akataka ile salamu. Kinyiramba sikijui. Nilijaribu kutamka nilivyosikia, ikatoka matope.

"Alikuwa amevaa sweta?" akauliza. "La kijani. Nilimfumia mimi."

Ile video niliitazama mara ngapi, na siku zote nilikuwa natazama kama inakwama.

Nikamwambia ndiyo, mama, alilivaa.

Sikumbuki.