Gontran na Kanzu ya Kufia

Kanisa la zamani la monasteri ya Vaucreuse, lile lenye paa la mbao, liliungua kwa radi, na hakuna aliyefurahi kama Gontran. Wenzake wanakimbia na ndoo za maji, yeye kasimama mlangoni kwake anakadiria mawe. Machimbo ya mawe meupe katika bonde lile la Burgundia yalikuwa yake peke yake, na ubahili wake ulikuwa wa kutia aibu: mtu wa kumnyima mbwa mfupa ambao yeye mwenyewe ameshaumaliza.

Watawa wa Mtakatifu Benedikto waliamua kujenga upya kwa mawe matupu, chini hadi juu, dari likipinda kwa matao kutoka nguzo hadi nguzo ili moto usipate pa kushika tena. Gontran akawauzia. Mawe magumu ya chini machimboni aliyaweka kwa ajili ya ngome ya kabaila wa bonde lile. Watawa aliwapa ya juu, yale laini yanayobanduka kama maganda ya kitunguu baridi ya kwanza ikipita. Nguzo za upande wa kaskazini zikapasuka kabla hazijabebeshwa kitu. Mafundi wakazibomoa, naye akawauzia mawe mengine na kuwapa pole kwa uso mkavu.

Basi mtu huyo akaugua. Jipu lilimwota kooni, likavimba hata akawa anakoroma kama nguruwe, na hapo ndipo alipokumbuka kuwa kuna jehanamu. Kule kulikuwa na desturi: mtu akikaribia kukata roho huitisha kanzu nyeusi ya kitawa, hula kiapo, huwaachia watawa mali yake, kisha hufa akiwa mtawa na shetani huukuta mlango umefungwa. Ni utawa wa mwisho mwisho, usio na kufunga wala kukesha. Ujanja huo ulimfaa Gontran kabisa, maana ni kutoa kile ambacho huwezi tena kukishika.

Hata hapo alipatana bei.

"Nawapa machimbo yote," alimkoromea Abate Thibaud, mkuu wa monasteri, aliyekuja na kanzu. "Lakini mnizike kanisani."

"Kanisani huzikwa maabate, mwanangu. Tutakuweka barazani, nje ya mlango mkubwa."

"Barazani mvua inapiga. Ndani, ama nife na machimbo yangu."

"Haya. Ndani ya mlango, mkono wa kushoto."

"Wa kulia."

Abate akashusha pumzi. "Wa kulia."

Kisha akamgeukia Aremburge, mke wa mgonjwa, kwa kuwa mume hawezi kuwa mtawa bila ridhaa ya mkewe. Mama wa watu akaitikia kwa kichwa huku analia. Wakamvika Gontran kanzu, wakambeba kwenye machela hadi nyumba ya wagonjwa ya monasteri, akafie huko.

Hakufa. Asubuhi jipu likapasuka lenyewe, na mgonjwa akaagiza supu ya nyama ya nguruwe. Akaletewa. Alipopata nguvu, supu ikakoma, zikaanza kunde.

"Nyama iko wapi?" alimfokea mpishi.

"Nyama ni ya wagonjwa, Ndugu Gontran. Wewe si umeshapona? Mshukuru Mungu, ule kunde."

"Mimi si ndugu yako! Nipe nguo zangu niende nyumbani."

"Tulimpa ombaomba. Naye alisita kuzipokea."

Gontran akadai kusikilizwa, na watawa wote wakakaa kwenye viti vya mawe vinavyozunguka ukumbi wao wa shauri. Alijitetea kwamba siku ile homa ilikuwa imempokonya akili, kwa hiyo kiapo hakimfungi wala zawadi haihesabiki. Watawa wamefundishwa kutocheka. Waliinamisha vichwa, mabega yakatikisika.

"Mwendawazimu gani," aliuliza Abate, "anayejua kupatana kaburi kutoka nje hadi ndani, kisha kutoka kushoto hadi kulia?"

Ikabaki njia moja tu. Aremburge akisema hakuridhia, kiapo kimevunjika, na Gontran anarudi nyumbani siku hiyo hiyo pamoja na machimbo yake. Mwanamke haingii ukumbini mle, basi wote wakatoka hadi baraza jipya la kanisa, ambako fundi alikuwa amechonga juu ya nguzo mashetani wakimburuta bahili kwa mfuko wa fedha uliomning'inia shingoni. Fundi hakutaja jina la bahili, na hakuna aliyeuliza.

Aremburge alifika amenawiri, mashavu yamejaa. Gontran akaanguka miguuni pake, akashika upindo wa gauni lake.

"Mke wangu, waambie hukuridhia! Waambie walikulazimisha. Turudi kwetu."

"Kwetu kuna nini?" Alimtazama kama mtu aliyemkuta panya kwenye unga. "Mimi natafuna mkate mkavu miaka yote, wewe jibini umelifungia sandukuni, ufunguo unalala nao! Nimelivunja lile sanduku, Gontran. Jibini lote limeingia funza."

"Mama, tujibu," Abate alisema kwa upole. "Uliridhia?"

"Siku ile niliridhia nikilia, Baba Abate. Niulizeni tena leo, niridhie nikiwa na akili zangu."

Kengele ya sala ya mchana ikalia. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto haina mjadala hapo: kengele ikilia, mtawa huacha chochote alichoshika mkononi. Gontran alikuwa bado ameshika gauni la mkewe. Watawa wakasimama wakamngoja, na Aremburge naye akangoja, wala hakulivuta.

Akaliachia.