Nairobi hadi Minneapolis: masaa kumi na sita niliyomwahidi mama Hodan

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Mimi niko Garissa, ambako wiki hii nimeona kuku akitaga yai lililochemka.

Hapo kwenye joto nimeongeza chumvi. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa sokoni. Form four nilimalizia masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu. Deskmate wangu alikuwa Hodan. Yeye alinifundisha hesabu, mimi nikamfundisha kucheka darasani.

Mama yake huuza maziwa ya ngamia mbele ya kibanda changu. Tangu nipate cheti ananiita mwalimu, nami namwita hooyo, yaani mama kwa Kisomali.

Majuzi Hodan akapata safari ya kwenda kuishi kwa mjomba wake Minneapolis, Amerika. Ndege ikaondoka Nairobi saa nne usiku.

Asubuhi hooyo akaja kuniuliza binti atafika lini. Akasema chakula hakitapita kooni mpaka asikie sauti yake.

Nikafungua mojawapo ya zile tovuti za kupima umbali kati ya airport na airport. Karibu kilomita elfu kumi na tatu, masaa kumi na sita hewani. Nikamtangazia kama rubani: saa nane mchana atakuwa ametua.

Saa nane ikafika. Simu haikulia.

Saa tisa hooyo akaacha wateja, akakaa kwenye kiti changu, simu mapajani, tasbihi mkononi. Chai niliyomletea ikapoa, na Garissa chai haipoi.

Saa kumi akasema polepole, kwa ile lafudhi yake ya Kisomali isiyo na p, "Mwalimu, saa yako imeisha. Mtoto iko wabi?"

Nikasoma ile tovuti mpaka chini. Maandishi madogo kama mayai ya chawa yakasema huo ni umbali wa mstari ulionyooka. Direct flight hakuna.

Wakuu, picha ya tiketi nilikuwa nayo kwenye simu. Hodan alinitumia mwenyewe. Sikuwahi kusoma masaa, nilikuwa naangalia jina lake tu.

Tiketi ilisema Uturuki, kungoja nusu siku, kisha ndege nyingine. Nikamweleza hooyo kosa langu.

"Anangoja na nani?"

"Peke yake, hooyo."

Akasukuma kikombe kando. "Basi na mimi nitangoja."

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikalia. Kitu cha kwanza mama alichouliza ni kama binti amekula. Mimi Hodan akaniuliza kama kalamu aliyoniazima darasani bado ninayo. Ninayo.

Alipokata simu, hooyo akaniambia, "Sasa biga hesabu ya kurudi."

Nikageuza airport kwenye ile tovuti. Masaa kumi na sita yale yale.

Akatikisa kichwa. "Hio ni uongo ingine. Kurudi ni mbali."

Nilichojifunza: soma tiketi yote, hata kama jina ni tamu.

Siku hizi nikifunga kibanda naingia tena kwenye ile tovuti, naandika airport zote mbili. Jana pia niliangalia. Haijapungua hata kilomita moja.

Nyinyi wenye watu wa mbali, mnapimaje? Niambieni hapa chini, hooyo atataka kusomewa.